Waya wa Breki Ndani ya Mshipi

HUDUMA YA TAIFA YA POLISI
Kituo cha Polisi, Kisumu
MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Jina: Beldina Ajwang'
Umri: Miaka 46
Kazi: Mpiga picha wa sherehe na mazishi
Makazi: Nyamasaria, Kisumu
Tarehe na saa: Jumatano, 17 Septemba 2025, saa tatu na dakika ishirini asubuhi
Mbele ya: Koplo Valerie Mumbi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Jumapili nilitoa maelezo ya kwanza katika kituo hiki, ukurasa mmoja, na yote niliyoyasema yalikuwa kweli. Ubaya ni lile nililoliacha. Nimekuja mwenyewe kulisema, sijaitwa na sijatishwa na mtu. Tangu Jumapili sijalala ipasavyo, kwa hivyo nikirudia jambo naomba nivumiliwe.

Katika seli za kituo hiki yuko Wandera, mwenye boti pale Dunga. Anashukiwa kwamba alimdunga kisu na kumuua Walter Owiti, mwenzangu wa kazi, ili achukue kamera. Jumatatu alifikishwa kortini na polisi wakapewa hadi Ijumaa kumaliza uchunguzi. Wandera hakumuua Walter. Mimi ninajua kwa nini alishika kisu, na nilijua tangu Jumapili.

Ili nieleweke ni lazima nianze na begi. Koplo ameniuliza kama ni lazima. Nimemjibu ndiyo, kesi yote imo ndani ya begi.

Walter alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, mwenyeji wa Ahero, mume wa Debra. Tumefanya kazi pamoja miaka sita. Alikuja kwangu akijua kupiga picha za simu tu, na alipofariki alikuwa amenipita kwa mbali, ingawa sikuwahi kumwambia hivyo. Aliniita Mathe, yaani mama.

Mnamo tarehe 7 Machi 2025, mwendo wa saa kumi na mbili na nusu jioni, nilishuka kwenye steji mjini nikitoka mazishini upande wa Maseno. Nilikuwa na begi la kamera la dukani, jeusi, lenye jina la kampuni kwa herufi nyeupe za kusomeka hata na mtu aliyesahau miwani. Ni sawa na kutembea na kibao kwamba njooni mniibie. Bodaboda ilipita ikiwa na watu wawili. Yule wa nyuma alinyoosha mkono, akabonyeza klipu ya plastiki iliyokuwa kifuani pangu, klipu ikafunguka bila shida yoyote, na begi likaenda. Zilikwenda kamera mbili na picha zote za siku ile. Familia ya watu wa Maseno haina hadi leo picha hata moja ya mama yao akizikwa. Mimi ndiye niliyewapigia simu kuwaambia, na sitaki kupiga simu kama ile tena.

Baada ya hapo nilitafuta begi kwa wiki tatu. La mgongoni nilikataa, maana huwezi kulinda kitu usichokiona. La magurudumu nalo ni la watu wa viwanja vya ndege, nani atalivuta kwenye matope ya Kano mvua ikinyesha? Mpiga picha wa mazishi hana nafasi ya kuweka begi chini. Ukiliweka chini, mama mmoja ataliketia, au mwingine ataliingiza ndani ya nyumba akutunzie, na jeneza linashuka huku wewe unauliza begi liko wapi. Nilitaka la begani, la kukaa kiunoni, mdomo wake ukielekea mwilini mwangu na si kwa watu. Nilitaka mkono uingie na kutoa lenzi huku macho yako kwa mjane. Na lisifanane kabisa na begi la kamera.

Mnamo tarehe 30 Machi, siku ya Jumapili, mimi na Walter tuliyapata mawili ya kufanana kwenye mitumba ya Kibuye. Ya turubai nzito, rangi ya majivu, nadhani yalibeba barua huko yalikotoka. Nilitia tofali ndani ya moja, nikalifunga kwa sweta ili uzito ukaribie ule wa vyombo vyangu, nikazunguka nalo sokoni karibu nusu saa. Niliinama, nikachuchumaa, nikapenya katikati ya watu. Muuzaji alichoka. Walter alinifuata akicheka.

"Mathe, unanunua begi ama unanunua ng'ombe?"

Nilimwambia ng'ombe ana afadhali, hupiga kelele akiibiwa.

Kilichobaki kuwa kibaya ni mshipi. Ulikuwa na klipu ya plastiki kama ile ya kwanza. Tarehe 2 Aprili niliyapeleka mabegi yote mawili kwa Ndirangu, fundi wa viatu na mabegi, ambaye kibanda chake kiko upande wa nje wa soko. Ni mtu wa Nyeri aliyekaa Kisumu hadi akaanza kutusalimu kwa Kijaluo. Nilimwambia mambo mawili. La kwanza, aondoe klipu na kuushona mshipi moja kwa moja kwenye pete ya chuma kila upande. La pili, apitishe waya ndani ya mshipi, kwa sababu wezi wa siku hizi wana nyembe. Ndirangu alifikiri kidogo, akachukua waya wa breki za baiskeli, akaupitisha katikati ya kitambaa kutoka pete hadi pete, akashona juu yake mara mbili. Ukiutazama kwa nje huoni kitu. Ni mshipi tu.

Alipomaliza la kwanza alilivaa yeye mwenyewe, akajaribu kulitoa. Ilimbidi alipitishe kichwani na kuchomoa mkono.

"Na ukitaka itoke haraka, Mama?"

"Sitaki itoke haraka, Bwana Ndirangu. Haraka ndiyo iliniibia."

Hayo ndiyo maneno yangu, neno kwa neno. Fundi alinionya kwa namna yake na mimi nikamfunga mdomo. Naomba asisumbuliwe, ila akiitwa atasema hivyohivyo. Waya ulikuwa ni wazo langu. Walter hata alitaka la kwake libaki na klipu kwa sababu yeye ni mrefu na alipenda kulivua upesi akifika kwenye gari. Nilimkatalia. Nilimwambia vyombo ni vya biashara na biashara ni yangu.

Tarehe 21 Juni, kwenye harambee moja mjini, mtu alipitisha wembe kwenye mshipi wa Walter katikati ya umati. Kitambaa kilikatika kama upana wa kucha, waya ukakataa, na yule mtu akaondoka mikono mitupu. Tulilionyesha lile kovu kwa kila mpiga picha wa Kisumu. Nilijisifu sana siku zile. Ndirangu alishona mahali pale na hakutaka kitu.

Sasa nafika Jumapili.

Mnamo tarehe 14 Septemba 2025, saa moja na nusu asubuhi, mimi na Walter tulifika Dunga kwa kazi ya ubatizo wa kanisa moja la Nyamasaria. Waliokuwa wabatizwe ni watu ishirini na watatu. Ubatizo ukiupiga picha kutoka nchi kavu unapata migongo tu, maana pasta na mbatizwa huelekea ziwani. Ndiyo sababu mmoja wetu huingia na boti na kuwapiga kutoka mbele, mwingine anabaki ufukweni na video. Miaka minne tumetumia boti ya Wandera. Ni mtu mtaratibu asiyewasha injini karibu na maombi, anapiga kasia tu. Siku nyingine alikuwa akivua kofia kila jina la Bwana likitajwa, na kofia ikitoka kasia linasimama, picha inatoka vizuri.

Katika boti kulikuwa na majaketi mawili ya kuokoa maisha. Wandera alivaa lake na Walter akavaa lake. Niliona kwa macho yangu. Baada ya kama dakika kumi Walter alilivua, kwa sababu lilifunika mdomo wa begi na mkono wake haukuweza kuingia. Niliyaona hayo pia. Wandera alimwonyesha kwa mkono alirudishe, Walter akamwashiria angoje kidogo. Mimi sikusema kitu. Begi lile tulilipima Kibuye, mimi nimevaa blauzi, tukiwa nchi kavu. Halikupimwa na jaketi.

Alivua na viatu pia, akaviweka mbele ya boti. Begi akalisukuma chini ya ubao wa kukalia nyuma yake, ili kiuno kiwe huru, lakini mshipi ukabaki umevuka kifua chake. Hakuwahi kuuvua akiwa kazini. Hiyo ilikuwa amri yangu.

Saa tatu na dakika kumi na nne, mbatizwa wa saba alikuwa majini. Mimi nilikuwa ufukweni, kama hatua sitini kutoka kwenye boti. Magugu maji yalikuwa yamesukumwa na upepo yakaizunguka boti upande mmoja, kasia likanasa, boti ikageuka. Walter alikuwa amepiga goti moja juu ya ubao. Alianguka chali upande wa magugu. Sikuona hofu kwa mtu yeyote, watu walicheka, na mimi nilicheka. Walter amekua kando ya mto, anaogelea tangu mtoto.

Hakuibuka. Begi lilikuwa limekwama chini ya ubao na yeye yuko nje ya boti, mshipi umemkaza shingoni na chini ya kwapa, kichwa kikiwa ndani ya maji. Uzito wake wote ulikuwa ukilivuta begi lizidi kukwama. Hayo sikuyajua wakati ule. Nilichoona ni Wandera akiinama, akivuta kitu, kisha akichukua kisu cha samaki. Kamera yangu ya video ilikuwa ikiendelea. Niliikabidhi kadi yake hapa Jumapili. Inaonyesha mgongo wa Wandera, na mkono wake wenye kisu ukienda na kurudi, na mkono wa Walter ukishika ukingo wa boti kisha ukiachia. Haionyeshi mshipi. Vijana wawili wa kanisa walijitosa kuogelea lakini magugu yaliwazuia. Mimi sijui kuogelea.

Kwenye video, tangu Walter aanguke hadi atolewe majini ni dakika tatu na sekunde arobaini. Nilikuwa nimejibakishia nakala nyumbani, nikahesabu.

Wandera alipoona mshipi haukatiki, aliuacha, akakata turubai ya begi pale ilipoungana na pete, pande zote mbili. Hapo ndipo Walter alipoachiliwa, na Wandera akamvuta ndani. Begi likabaki botini, limechanika, kamera zilizokuwa ndani zote kavu. Alipofika ufukweni vidole vyake viwili vilikuwa vimekatwa na kisu chake mwenyewe. Bega la Walter lilikuwa na majeraha, mengi, madogo madogo. Wandera alinitazama mimi, si mtu mwingine, akasema:

"Mama, hii kitu haikati. Haikati."

Katika watu wote waliokuwa pale ni mimi peke yangu niliyeelewa. Wengine waliona kisu, damu, na begi la kamera kwenye boti yake. Walimpiga. Walimpiga kwa makasia yake mwenyewe hadi polisi walipofika. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya Walter nikimwita, "Walter, nyathina," yaani mwanangu, na masikio yangu yalikuwa yakisikia Wandera akipigwa. Ningeweza kuinua kichwa na kusema maneno matano. Sikusema.

Hospitalini, saa nne na dakika tano, daktari alituambia amefariki. Muuguzi alikata shati, akautoa mshipi uliokuwa bado umemzunguka shingoni, akanipa mfuko wa vitu vyake. Shati, ukanda, simu na saa nilimpa Debra alipofika. Mshipi niliukunja na kuutia ndani ya begi langu mimi. Nilitaka kuandikisha kwamba mkono ulifanya hivyo kabla ya mimi kuamua. Hapana. Niliamua.

Debra aliniuliza jambo moja tu. "Mama, kwa nini hakuogelea? Walter anajua maji."

Nilimjibu sijui.

Nilipofika kituoni siku ileile, afisa aliyenihoji aliniambia mshukiwa anadai kulikuwa na chuma ndani ya mshipi, na kwamba huo ni uongo wa wazi kwa sababu mshipi wa kitambaa hukatwa kwa kisu mara moja, na mshipi wenyewe haujapatikana. Aliniuliza kama begi la marehemu lilikuwa na kitu chochote cha ajabu. Nilisema lilikuwa begi la kawaida. Mshipi ulikuwa mapajani pangu, ndani ya begi langu, nilipokuwa nikimjibu.

Niliogopa jela, sitakataa. Lakini nilimwogopa Debra zaidi. Niliona kwamba nikisema waya, nitakuwa nimesema mimi ndiye niliyemfunga mume wake kwenye ile boti. Na ndivyo ilivyo.

Jana Jumanne, tarehe 16 Septemba, saa kumi na moja jioni, Nasipwondi, mke wa Wandera, alikuja kwangu Nyamasaria. Nilidhani amekuja kumwombea mume wake na nilikuwa nimeshapanga la kumjibu. Alikuwa na mfuko wa karatasi. Ndani yake mlikuwa na viatu vya Walter, vile alivyoviacha mbele ya boti. Alikuwa ameviosha, akavianika, akatia kamba mpya kwa sababu moja ilikuwa imepotea.

"Nimekuletea viatu ya kijana," alisema. "Asizikwe kama mtu hana viatu."

Nilimkaribisha chai akakataa. Hakumtaja Wandera hata mara moja. Alipofika mlangoni ndipo alipouliza kama najua hapa kituoni wanaruhusu mtu kubadilishwa bandeji ya mkono, kwa sababu ile ya Jumapili imeanza kunuka. Nikamwambia nitauliza. Basi ninauliza.

Usiku nilitoa mshipi nikautazama. Leo asubuhi nimekuja nao. Ninaukabidhi. Ulikatwa mahali pengi, kitambaa kimefunguka, na waya unaonekana wazi ukiwa mzima. Ile sehemu yenye mshono wa uzi mweusi ni kovu la wembe la mwezi wa Juni, hiyo si kazi ya Wandera. Ninakabidhi pia begi langu mimi, ambalo ni pacha wa lile, lenye mshipi kama ule na fundi yuleyule. Vyombo vyangu nimevitoa. Likatwe na yeyote anayetaka kujua kama Wandera alisema kweli.

Wandera angejua mapema kuna waya, angeanza na turubai tangu mwanzo. Hiyo ni kazi ya nusu dakika. Miaka minne nimepanda boti ile na tangu Aprili sikuwahi kumwambia, kwa sababu siri ya mshipi ni nzuri pale watu wanapokuwa hawaijui. Ndivyo nilivyofikiri.

Nimechoka, Koplo. Nimechoka na begi hili na akili yangu niliyoiona kubwa. Nikiruhusiwa kutoka hapa nitaenda Ahero kumwambia Debra mwenyewe, kabla hajayasikia kwa watu wengine. Najua hilo si la polisi, lakini naomba liandikwe ili nisirudi nyuma.

Nimesomewa maelezo haya polepole kwa Kiswahili. Ni yangu yote, na yale ya Jumapili yasomwe pamoja na haya, yasisomwe peke yake.

Sahihi ya shahidi: B. Ajwang'

MAELEZO YA AFISA

Nimeandika maelezo haya kwa mkono wangu, nikamsomea shahidi, akatia sahihi bila kushurutishwa, saa tano na dakika kumi asubuhi. Shahidi amefahamishwa kwamba kuficha kidhibiti ni kosa na kwamba uamuzi kuhusu jambo hilo utatolewa baadaye. Amesema ameelewa.

Vilivyopokewa: mshipi mmoja wa begi wenye alama za kukatwa, na begi moja la turubai, rangi ya majivu, likiwa na mshipi wake. Nakala ya maelezo imepelekwa leo kwa mpelelezi wa kesi. Bandeji ya mshukiwa imebadilishwa.

Saa tano na nusu, mbele ya shahidi na konstebo wa zamu, mshipi wa begi la shahidi ulijaribiwa kwa kisu cha samaki kilichochukuliwa kama kidhibiti, huku muda ukipimwa kwa saa ya ukutani. Kitambaa kilikatika mara moja. Waya haukukatika. Tulikusudia kufika dakika tatu na sekunde arobaini. Jaribio lilisimamishwa katika dakika ya pili kwa ombi la shahidi.

Koplo V. Mumbi